Kunyamaza si Kupona

Kwa muda mrefu wanafunzi wangu hapa Buleusa walinidhani mwalimu apendaye mno imla. Kumbe imla ilinipa nafasi: nilimwachia kiranja kitabu awasomee wenziwe, nami nikatoka mbio kwenda chooni. Nilikuwa nahara damu, na aibu ilinifunga kinywa.

Katika zahanati moja nilipewa dawa ya amiba mara nne pasipo kupimwa choo. Siwalaumu sana, maana kwetu kuhara damu mara nyingi hutokana na amiba au vijidudu vingine vya maji machafu. Tena mganga Denis Burkitt, aliyeanza kazi Uganda mwaka 1946, aliona kwamba magonjwa mengi ya utumbo mpana yaliyozoeleka Ulaya yalikuwa adimu vijijini Afrika. Lakini kilicho adimu si kwamba hakipo. Mwishowe nilikwenda Goma. Mganga akapitisha ndani ya utumbo mpira mwembamba wenye taa na kamera, akatoa kipande kidogo cha nyama apate kukipima. Ugonjwa ukapata jina: kolitisi ya vidonda. Hauambukizi, ni kinga ya mwili inayoushambulia utumbo wake yenyewe.

Mganga alinieleza hivi. Utumbo mpana una mikunjo, mfano wa matuta ya shamba. Ugonjwa huanzia mwishoni, karibu na njia ya haja kubwa. Ngozi laini ya ndani huvimba, huwa nyekundu, hutoa damu na ute. Kwa wengine hukaa papo hapo. Kwa wengine hupanda mwaka kwa mwaka, pasipo kuruka mahali. Ukitulia, ngozi huota tena. Lakini ukirudi mara nyingi, matuta husawazika kama shamba la mlimani lililopigwa na mvua misimu mingi. Utumbo hufupika, hukakamaa kama bomba, na vinundu huota kati ya makovu.

Nilimeza dawa, damu ikakoma. Hapo ndipo nilipokosa. Nilisema moyoni: nimepona, fedha ya dawa na iwe karo ya watoto. Miezi kumi na minne nilikuwa mzima. Kisha damu ikarudi, na kamera ikaonyesha kwamba ugonjwa uliokuwa mwishoni tu umekwisha panda upande wote wa kushoto.

Tangu hapo nameza dawa hata siku za heri. Tena nimeandikiwa mwaka wa kurudi. Maana kwa mtu ambaye ugonjwa wake umepanda, hatari ya saratani ya utumbo huongezeka kadiri miaka ipitavyo. Yafaa achunguzwe tena ipatapo miaka minane tangu dalili za kwanza, na baadaye kila baada ya miaka michache.

Basi, ndugu, ukiona damu chooni, sema, na uombe choo kipimwe. Wala usimgawie jirani vidonge vyako: dawa nyingine zitulizazo kolitisi zaweza kumwangamiza mwenye amiba.

Juma lililopita kijana wa darasa la sita aliomba ruhusa mara tatu katika saa moja. Zamani ningalimkaripia. Nilimfuata nje, nikamwuliza kwa upole habari ya tumbo lake.