Maji ya Theta na Bustani ya Bahari ya Malindi

Kati ya miji ya Ruiru na Thika nchi ya Kiambu huteremka polepole kutoka misitu ya milima ya Nyandarua hadi kwenye mbuga za Athi. Katika mteremko huo ndipo ilipo Theta, mahali pa udongo mwekundu, penye migomba, mahindi na kahawa, na siku hizi penye nyumba nyingi za kupangisha. Mtu aliyezaliwa huko aweza kuishi miaka mingi asiifikirie bahari hata mara moja, maana bahari i mbali, nayo kwa watu wengi wa bara ni jambo la kusimuliwa na wale waliopata kazi Mombasa. Walakini iko njia moja itokayo Theta hadi pwani ambayo haijapata kufungwa hata siku moja, nayo ni njia ya maji.

Yafaa ifahamike kwanza kwamba si maji yote ya upande ule yaendayo mahali pamoja. Mito ya Chania na Thika hukutana katika mji wa Thika, chini ya maporomoko mawili ambayo watu huenda kuyatazama penye hoteli ya Blue Posts, kisha maji yake huingia katika Mto Tana na kutokea baharini karibu na Kipini. Lakini maji ya Theta, pamoja na yale ya Ruiru na Ndarugu, hushika njia ya Mto Athi. Basi wakulima wawili waliotengwa na mwendo wa saa chache kwa miguu, mmoja akimwaga ndoo ya maji upande huu na wa pili upande ule, maji yao hayataonana tena mpaka yawe ya chumvi.

Mto Athi ukiisha kupokea mito hiyo huangukia kwenye Maporomoko Kumi na Manne, karibu na mlima wa Ol Donyo Sabuk ambao wengi huuita Kilimambogo. Mlima huo ulifanywa mbuga ya taifa mwaka 1967. Maporomoko hayo hupendwa sana na watu wa Thika siku za Jumapili, na kwa hakika ni mazuri, ila mara nyingine maji huja na povu na harufu kwa sababu ya taka zitokazo Nairobi, na hapo mgeni hutazama kwa mbali akiwa ameziba pua. Kutoka hapo mto huingia Ukambani ukafuata chini ya uwanda wa juu wa Yatta, ule ukuta mrefu wa mawe ya volkano, mpaka ndani ya mbuga ya Tsavo Mashariki. Huko hukutana na Mto Tsavo, nao hubadili jina ukaitwa Galana. Ukikaribia pwani huitwa Sabaki. Majina ni matatu, mto ni mmoja, na mwisho wake ni bahari ya Malindi, kaskazini kidogo ya mji.

Msafiri atokaye Theta hawezi kuufuata mto huo hatua kwa hatua. Mwenye gari imara aweza kupitia Voi, akaingia Tsavo Mashariki, akafuata Galana hadi lango la Sala na kutokea Malindi. Akiwa njiani ataona Maporomoko ya Lugard, mahali ambapo mto mzima hujibana katika mwamba uliochongwa na maji, na tembo wenye rangi nyekundu kwa kuoga vumbi la nchi ile. Wasio na gari, ambao ndio wengi, hupanda gari la moshi la reli mpya iliyofunguliwa mwaka 2017 kutoka Nairobi hadi Mombasa, kisha basi au matatu kwa kiasi cha kilomita 120 kupitia Mtwapa na Kilifi. Kilifi zamani watu walivushwa kwa feri. Daraja lilifunguliwa mwaka 1991. Mbele yake barabara hupita kando ya msitu wa Arabuko-Sokoke na magofu ya Gede, mji wa Waswahili wa kale ulioingizwa mwaka 2024 katika orodha ya urithi wa dunia. Mwenye nafasi na ateremke hapo saa mbili tatu, hatajuta.

Ama Hifadhi ya Bahari ya Malindi, pamoja na ile ya Watamu iliyo jirani yake, ilianzishwa mwaka 1968, nazo ni miongoni mwa hifadhi za kwanza za bahari katika Afrika. Ya Malindi si kubwa, yapata kilomita sita za mraba na kidogo zaidi. Lango lake liko kusini ya mji, kupita ile rasi yenye msalaba wa mawe wa Wareno, katika ufuo wenye mivinje mirefu. Mkenya hulipa kiingilio kidogo kuliko mgeni wa nchi za nje, naye hana budi kujua mapema kwamba askari wa hifadhi hawapokei fedha mkononi. Malipo hufanywa kwa simu. Kiingilio hicho si nauli ya mashua. Nauli ni shauri la msafiri na wenye mashua, na wakiwa abiria wengi huwa nafuu kwa kila mmoja, ndiyo sababu vyama vya wanawake na vijana wa makanisa huenda pamoja.

Mashua zina kioo katika sakafu. Nahodha huziondoa ufuoni maji yanapokuwa yamepwa, maana wakati huo mwamba huwa karibu na uso wa bahari na mwanga wa jua huufikia vema. Wasioweza kuogelea huinama juu ya kioo, nao si haba: mtu wa bara aliyekuzwa karibu na mto wenye maji ya magotini hana sababu ya kuona haya. Waogao hupewa miwani ya kupigia mbizi na mrija wa kuvutia pumzi, wakashuka.

Yaliyo chini hayafanani na kitu chochote cha nchi kavu, ingawa wageni hupenda kuyafananisha na bustani. Kuna matumbawe yenye umbo la mabonge makubwa, mengine kama pembe za paa, mengine kama meza zilizopangwa moja juu ya nyingine. Pono wa kijani na buluu huyatafuna kwa midomo yao migumu, na mtu akizamisha masikio husikia sauti ya kutafuna huko. Kitatange, samaki mwenye milia ya manjano, huenda wawili wawili. Chewa hukaa katika mapango akitoa uso tu kama mzee aliyekataa kutoka nyumbani. Kasa huonekana mara moja moja. Samaki hao hawaogopi watu, kwa kuwa kuvua katika hifadhi kumekatazwa, na vilevile ni marufuku kuokota kombe, kuvunja tumbawe, wala kulikanyaga.

Sababu ya katazo la kukanyaga ni kwamba tumbawe si jiwe. Ni kazi ya wanyama wadogo sana, maelfu kwa maelfu, wajengao nyumba za chokaa. Ndani ya miili yao huishi mimea midogo isiyoonekana kwa macho, nayo mimea hiyo huwapa chakula kwa nguvu ya jua. Kwa hiyo mnyama huyo wa baharini ahitaji mwanga kama mahindi yanavyouhitaji. Maji yakipata joto kupita kiasi mimea hiyo hutoka, na tumbawe hubaki jeupe. Mwaka 1998 jambo hilo lilitokea katika pwani yote ya Kenya, na matumbawe mengi sana yakafa. Maji yakiwa na tope, jua halifiki, na mnyama hutumia nguvu zake kujifuta udongo badala ya kukua.

Na tope lipo. Mvua za vuli zikinyesha bara katika Novemba, Sabaki hushuka mwekundu kama chai yenye maziwa. Wakati huo huo pepo za kaskazi huanza kuvuma, na mkondo wa bahari huuchukua udongo huo kuuleta kusini, kwenye ghuba ya Malindi na mpaka kwenye hifadhi. Mvua za masika za Aprili na Mei hukuta kusi inavuma, na udongo wake husukumwa upande wa Mambrui na Ngomeni. Hivyo mwenye kutaka kuona vizuri aende kati ya Januari na mwanzo wa Machi, mafuriko ya vuli yakiisha kupungua. Akienda katika Desemba huenda nahodha mwaminifu akamwambia, "Mzee, leo hakuna kitu, mto umeshuka," na asiye mwaminifu atachukua nauli yake amwonyeshe ukungu wa hudhurungi chini ya kioo. Kwa mwenye mashua siku kama hizo ni siku za njaa. Yeye hakulima mteremko wowote.

Udongo huo watoka wapi? Sehemu kubwa hutoka katika vilima vya Machakos na nchi kame za Ukambani, ambako mvua ya ghafula hukuta ardhi tupu. Lakini mito ya Kiambu nayo hutoa fungu lake, na mtu wa Theta aliyepata kusimama kando ya kijito chake baada ya mvua kubwa hahitaji kuambiwa rangi yake.

Jambo la ajabu ni kwamba hesabu ya udongo huo imewekwa, tena si na karani yeyote. Tumbawe kubwa la mviringo huongeza kama sentimita moja kila mwaka, likaacha alama za miaka ndani yake kama mti uachavyo duara. Wataalamu walitoboa tumbawe moja katika hifadhi ya Malindi lililokuwa na umri wa miaka 300, wakapima ndani yake madini ya bari yaletwayo na tope la mto. Matokeo yalichapishwa mwaka 2007. Walikuta kwamba tangu mwaka 1700 hadi 1900 udongo ulioletwa na Sabaki ulikuwa karibu sawasawa miaka yote. Baada ya 1900 ukaanza kuongezeka, watu walipozidi na ardhi ikalimwa zaidi na zaidi, ukafikia kilele kati ya 1974 na 1980, yaani mara tano hadi kumi ya kiasi cha zamani. Ukame mkali wa mwanzo wa miaka ya 1970 na ukataji wa misitu ulichangia. Bonge la chokaa chini ya bahari liliandika habari za mashamba ya bara mwaka kwa mwaka, na mwenye shamba mwenyewe pengine hakuandika hata mstari mmoja.

Matumbawe ya Malindi hayakufa yote kwa sababu ya tope. Zipo aina zinazolistahimili, nazo ndizo zinazoshika nafasi. Wala isidhaniwe kwamba hasara ni ya bahari peke yake. Udongo wa juu ndio wenye rutuba, na debe la udongo huo lililofika Malindi ni debe lililopungua katika shamba la mtu. Huko nyuma serikali ya kikoloni iliwashurutisha watu kuchimba matuta bila malipo, na katika miaka ya 1947 na 1948 watu wa Murang'a, wanawake wakiwa mbele, walikataa. Walikuwa na haki kuikataa shuruti ile, lakini ubaya wake ulikuwa kwamba jembe la matuta lilichukiwa kuliko mmomonyoko wenyewe. Waliorudia matuta baadaye kwa hiari, wakapanda nyasi za nepia ukingoni wapate na malisho ya ng'ombe, mashamba yao bado yanaonekana yalivyokaa. Hatari ya sasa Ruiru na Theta ni nyingine: mashamba ya kahawa yanakatwa viwanja, matrekta yanafunua ardhi kabla ya mvua, machimbo ya mawe yanaachwa wazi, na hakuna aonaye kuwa ni kazi yake kuzuia maji yale mekundu yashukayo barabarani.

Msafiri aliyekwisha kutoka baharini na ana saa chache zaidi asikose kupanda matatu kwenda kaskazini hadi daraja la Sabaki, mwendo mfupi kutoka mjini. Hapo barabara ya kwenda Garsen na Lamu huvuka mto. Akishuka kwa miguu na mwenyeji hadi mlangoni mwa mto ataona mchanga mwingi uliorundikwa, heroe wakitafuta chakula kwenye matope, na huenda akamwona kiboko. Basi asikaribie maji jioni. Mbele yake mawimbi meupe yanakutana na maji ya mto, na mstari unaoyatenga huonekana wazi kabisa kwa macho, upande mmoja buluu, upande wa pili rangi ya shamba lililolimwa jana.