Kutoka Wodini, Sehemu ya 7: Tumbo la Jumamosi

 

Najua wiki iliyopita niliahidi tuongee kuhusu mtoto anayecheua kila akinyonya. Mada ipo, nitaiweka wiki ijayo, msinidai. Leo naomba mnivumilie niongee mpira. Ndiyo, mpira. Nawaona wengine mmeshasonya, "huyu nesi naye". Someni tu mpaka mwisho. Kuna mtoto humu ndani, na mtoto mwenyewe ni wa kwangu.

Kwa wageni wa ukurasa: mimi ni nesi wa wodi ya watoto, huu mwaka wa kumi na moja. Na mimi ni Simba. Baba yangu alikuwa Simba wa redio. Simba ikifungwa anazima, na siku hiyo nyumba nzima tunatembea kwa vidole. Halafu Mungu na mipango yake akanipa mume wa Yanga. Tunaishi vizuri tu, isipokuwa siku mbili tatu kwa mwaka.

Mojawapo ya siku hizo ilikuwa Jumamosi, tarehe 19 Oktoba 2024. Nimetoka zamu ya usiku asubuhi, nimelala saa tatu za kuibia, nimeamka nimepika, nimevaa jezi yangu nyekundu, nimekaa. Baba watoto kakaa kochi la pili. Katikati kakaa kijana wetu wa miaka tisa, Simba kama mama yake, na yeye ni beki kwenye timu ya watoto ya mtaani kwetu. Wanafanya mazoezi kila Jumamosi asubuhi.

Mechi ikaenda suluhu, suluhu, suluhu. Nikaanza kusema moyoni, sare nayo si haba. Tulikuwa tumeshafungwa na Yanga mara tatu mfululizo, ukianzia zile tano kwa moja za tarehe 5 Novemba 2023, ambazo wenzangu wodini walinionyesha vidole vitano mwezi mzima, hata mtu akiomba glovu anaomba "tano". Basi dakika za mwishoni, beki wetu Kelvin Kijili akajifunga. Moja bila. Mara ya nne.

Jamani, nilichosema sitakiandika hapa, kwa sababu watoto wenu wanashika simu zenu. Nilisimama, nikamwita yule kijana jina. Sikusema amekosea. Nilimwita jina, tena nikalirudia, nikaongeza na la mama yake aliyemzaa. Mimi, mama, nesi wa watoto, ninayewaambia nyie kila wiki msiwaite watoto wenu majina. Mume wangu wala hakushangilia. Aliniangalia tu, akatoka nje kuongea na majirani.

Mtoto wangu hakusema kitu.

Jumamosi iliyofuata, saa kumi na mbili na nusu asubuhi, "Mama, tumbo linauma." Nikamshika tumbo, laini. Homa hana. Nikampa uji, nikamwambia apumzike. Saa sita mchana anacheza na wenzake. Nikasema, labda gesi.

Jumamosi ya pili, tumbo. Safari hii na machozi. Nikampeleka kazini kwetu, akatobolewa kidole, malaria hakuna. Mkojo safi. Choo safi. Dawa ya minyoo alikuwa ameshakunywa. Daktari akaniambia, "Sista, mtoto mzima huyu."

Jumamosi ya tatu, tumbo tena. Ndipo akili ikanirudia. Kila mama anayekuja wodini na mtoto wa tumbo namuuliza: linaanza lini? Saa ngapi? Siku hiyo kunakuwa na nini? Wanangu wa wodini nawauliza, wa kwangu sikumuuliza. Jumatatu haumwi. Jumatano haumwi. Jumapili anakula chapati nne. Ni Jumamosi tu, kabla ya mazoezi.

Nikakaa kitandani kwake. Nikamuuliza mazoezini kuna mtu anakupiga? Hapana. Kocha anakutukana? Hapana. Akanyamaza muda mrefu, halafu akauliza huku anaangalia ukuta: "Mama, siku nikijifunga na wewe utaniita lile neno?"

Mama zangu, nimeshazoea kuona mambo mazito kazini. Hilo sikulizoea.

Sasa ngoja niwaambie ninachofikiri kuhusu mpira, maana tangu siku ile nimefikiri sana, na sijaacha kuwa shabiki mwenye mdomo. Nimebadilisha tu pa kuupeleka.

Tuanze na wachezaji. Mchezaji kukosea ni sehemu ya kazi yake, kama sisi. Mwaka wangu wa kwanza kazini nilikuwa na watoto wawili vitanda vya jirani, majina yao yanafanana. Usiku wa manane nimeshika dawa ya mmoja naenda kumpa mwingine. Nesi mkubwa akanishika mkono. Hakupiga kelele. Akasema, "Soma tena hilo jina." Nikasoma, miguu ikalegea. Kesho yake alihamisha kitanda kimoja mwisho wa wodi na akabandika majina kwa kalamu nzito. Angeniita mzembe mbele ya wodi nzima, nisingekuwa makini zaidi, ningekuwa mwoga tu. Na nesi mwoga hasemi akikosea. Anaficha. Hapo ndipo watoto wanapoumia.

Na mchezaji mwoga naye anaficha. Haombi mpira. Anarudisha nyuma kila pasi ili lawama isimkute.

Mfano mzuri, na inaniuma kuutoa upande wa pili, ni Aziz Ki. Aprili 2024 Yanga wako Afrika Kusini na Mamelodi Sundowns, robo fainali ya Ligi ya Mabingwa. Suluhu Dar, suluhu kule. Shuti la Aziz Ki likagonga mwamba, likadunda, sisi kwenye televisheni tukaliona limevuka mstari, mwamuzi akasema si goli. Zikaja penalti, Aziz Ki akakosa, Yanga wakatoka. Mume wangu alikaa kimya dakika kumi, akasema, "Amejitahidi," akaenda kulala. Msimu ulipoisha Aziz Ki ndiye mfungaji bora wa ligi, mabao 21. Nikakumbuka lile neno moja la mume wangu, nikalinganisha na yale yangu ya Oktoba. Mtoto alikuwa sebuleni siku zote mbili.

Tuje kwa makocha. Hapa Wanasimba wenzangu mtanisamehe. Yanga walimchukua Nasreddine Nabi Aprili 2021. Msimu ule hakuchukua ubingwa, tulichukua sisi, wa nne mfululizo. Wakamwacha akae. Akachukua ligi mara mbili, na mwaka 2023 akawafikisha fainali ya Kombe la Shirikisho: wakafungwa 2-1 nyumbani na USM Alger, wakaenda Algiers wakashinda 1-0, wakalikosa kombe kwa bao la ugenini tu. Muda huohuo wa Nabi mmoja, kwetu walipita Gomes, Pablo Franco, Zoran Maki, Mgunda na Robertinho. Hesabuni wenyewe. Robertinho naye zile tano zilipoingia, siku mbili baadaye hayupo.

Mimi hili nalijua bila kuwa mchambuzi. Wodi ikibadilishiwa msimamizi kila baada ya miezi michache, kila anayekuja na utaratibu wake: huyu anataka dawa zigawiwe hivi, yule vile. Manesi tunachoka, tunaanza kufanya kila mtu lake. Wachezaji ni walewale, mfumo kila siku mpya, halafu tunauliza mbona hawaelewani.

Na makocha nao ni watu. Baada ya Robertinho alikuja Benchikha, yuleyule aliyewafunga Yanga fainali akiwa na USM Alger. Tulimpokea kama mfalme. Aprili 2024 akaondoka kwa sababu za kifamilia. Kwenye magrupu watu walisema maneno, eti kisingizio. Mie nilinyamaza. Nimeona wodini wanaume wenye kazi nzuri wakiziacha wakaja kukaa pembeni ya kitanda, wakishika kikombe cha uji. Mtu akisema nyumbani kuna jambo, mwamini.

Halafu uongozi. Hapa sasa ndipo mdomo wangu nilipouhamishia. Kosa la mchezaji linaonyeshwa kwenye televisheni, linarudiwa mara sita kwa mwendo wa polepole. Kosa la uongozi halina marudio. Nani aliamua huyu asajiliwe, yule aachwe? Nani alimwajiri kocha katikati ya mwaka na kuachana naye Septemba, kama ilivyokuwa kwa Zoran? Hao hawapo uwanjani. Klabu yetu mfumo wake ni wanachama asilimia 51 na mwekezaji asilimia 49, maana yake wenye swali halali ni sisi. Lakini mkutano mkuu ukiitishwa wengi wetu hatupo, tupo mtandaoni tunamtukana beki.

Ni kama hospitali, jamani. Saa tisa usiku nesi yuko mmoja, watoto wamejaa, dripu tatu zinaisha kwa pamoja. Mama anaona mtoto wake anachelewa, anamfokea nesi. Ana haki ya kukasirika, mtoto ni wake. Ila aliyepanga zamu awe nesi mmoja amelala kwake. Malalamiko hayo yaandike, yapeleke kwa msimamizi asubuhi, weka jina lako. Yatasaidia kuliko kumlaza nesi na machozi.

Turudi kwa kijana wangu. Nilimwomba msamaha. Sikuzungusha maneno: "Siku ile mama alikosea. Kijili alijifunga kwa bahati mbaya, na mimi nilimtukana kwa makusudi. Kosa langu lilikuwa kubwa kuliko lake." Akacheka kidogo. Tukaweka sheria ya nyumbani: ukiangalia mpira sema alichofanya mtu, usiseme mtu alivyo. "Amechelewa kukaba" ruksa. Majina hapana. Baba naye kaapa.

Msidhani tumbo lilipona siku hiyo. Jumamosi iliyofuata liliuma tena, kidogo. Ile nyingine alienda, na mimi nikabadilishana zamu na mwenzangu nikaenda kukaa pale kwenye mchanga na akina mama wengine. Kipindi cha pili akampa mpira adui, kabisa mguuni. Wakafungwa. Kabla hajafanya kitu chochote aligeuka kuniangalia mimi. Nikamwambia kwa sauti, "Rudi nyuma, kaba namba tisa!" Akarudi. Tulifungwa tatu. Njiani aliomba miwa.

Sasa kidogo kazi yangu, msije mkaondoka na nusu somo. Si kila tumbo ni hofu. Mpeleke mtoto hospitali haraka kama maumivu yana homa, anatapika kijani au damu, choo kina damu, anakojoa kwa maumivu, anapungua uzito, maumivu yanamwamsha usingizini, au yamehamia chini upande wa kulia na hataki hata kuguswa. Hata kama hakuna hayo, likijirudia mpeleke apimwe kwanza, usimtangazie kuwa anajisingizia. Vipimo vikiwa safi na bado linarudi, chukua daftari andika siku na saa. Likija siku za shule tu, au siku za mgeni fulani, au siku za mazoezi, kaa naye umuulize taratibu, mkiwa wawili. Na tumbo la hofu linauma kweli, mama zangu. Mtoto hadanganyi.

Tarehe 25 Mei 2025 tulikaa tena kwenye makochi yaleyale. Fainali ya Kombe la Shirikisho, Simba na RS Berkane, pale Amaan, Zanzibar. Kule Morocco tulikuwa tumefungwa 2-0. Tukapata bao mapema, nikapiga vigelegele mpaka mtoto wa jirani akaja kuchungulia. Ikaisha 1-1, kombe likaenda. Nililia kidogo, sikatai. Kijana wangu akanipigapiga bega kama mzee, akasema, "Mama, wamekosa nafasi nyingi." Alichofanya mtu, si mtu alivyo. Baba yake akaguna tu.

Septemba Fadlu Davids, kocha aliyetufikisha hapo, naye akaondoka kwenda Raja Casablanca. Nina maneno mengi kuhusu hilo, nimeyaandika mara mbili nimeyafuta. Nitayasema kwenye mkutano wa wanachama, kadi yangu nimeshailipia.

Niambieni hapo chini: nyumbani kwenu mpira ukiwashwa, watoto wanasikia nini? Tusihukumiane. Wanayanga mnakaribishwa, ila mkiandika namba tano nafuta.

Wiki ijayo, mtoto anayecheua. Kweli safari hii.

Nesi wenu.