Samaki Wasio na Macho na Maji ya Chini ya Ardhi

Mtu wa Meru au Embu amezoea kuyaona maji yake. Rupingazi, Thuci na Kathita ni mito iteremkayo waziwazi kutoka Mlima Kenya. Lakini msafiri apitaye Isiolo na kuelekea Wajir huiacha mito nyuma, na watu huko hunywa maji ya visima. Akizidi kwenda hata kuingia Somalia, atakuta nchi ambayo samaki nao wakaa chini ya ardhi.

Sehemu kubwa ya nchi hiyo ni mawe ya chokaa. Maji ya mvua huyala mawe hayo polepole, miaka maelfu na maelfu, yakafanya nyufa na mapango yasiyofikiwa na jua. Humo mna samaki mdogo ambaye mtaalamu Mwitaliano, Vinciguerra, alimweleza mwaka 1924 na kumpa jina Phreatichthys andruzzii. Hana macho, hana magamba, wala ngozi yake haina rangi. Mtoto wake huanza kuota macho akiwa yaini, kisha macho hayo hufifia na kutoweka. Tena huko Uegit yuko kambare kipofu aliyeelezwa mwaka 1923.

Jambo la ajabu zaidi ni jinsi ahesabuvyo wakati. Jogoo hujua alfajiri kwa saa ya ndani ya mwili wake, nayo huwekwa sawa na nuru. Samaki huyu nuru haimwambii neno. Uchunguzi uliotangazwa mwaka 2011 ulionyesha kwamba yeye hufuata saa ya chakula, na kwamba mzunguko wa ndani ya mwili wake waweza kufika karibu saa 47.

Basi, yatuhusu nini sisi? Milima ya Nyambene ni ya mawe yaliyomwagwa na moto wa zamani, nayo yana matundu mengi. Mvua inayonywewa na mawe hayo haipotei. Hububujika chini tambarare katika chemchemi. Kwa hiyo mkulima amwagaye shimoni mabaki ya dawa ya shamba huenda anaitia katika mtungi wa jirani yake wa bondeni, asiyemjua hata kwa jina.

Samaki wa pangoni maji yake yakichafuliwa hana pa kuhamia, wala hawezi kuona hatari ikija. Sisi tuliopewa macho imetupasa kuyalinda hata maji tusiyoyaona.