Kijiti alitoroka, mashahidi wakaadhibiwa

Ukitaja jina la Siti binti Saad, wengi huanza na santuri: kwamba mwaka 1928 alikwenda Bombay, India, kurekodi taarabu kwa Kiswahili, jambo ambalo mwanamke wa pwani yetu hakuwa amelifanya. Wengine hutaja Fumba, Unguja, alikozaliwa karibu mwaka 1880 katika familia ya watumwa, akapewa jina la Mtumwa, akakua akitembeza vyungu kichwani na kuvinadi kwa sauti.

Mimi ninayeandika habari za afya hukwama kwenye wimbo mmoja tu, Kijiti.

Wimbo ule ulitokana na kisa cha kweli. Mwanamke mjamzito alivuka kutoka Dar es Salaam kwenda kutembea Unguja. Kijiti akamchukua kwa ahadi ya starehe, akambaka, akamuua, kisha akatorokea bara. Waliobaki kusimama mbele ya hakimu ni wanawake waliofuatana na marehemu. Walikwenda kutoa ushahidi, wakaadhibiwa wao.

Siti na wenzake, akina Subeti Ambar, Budda Swedi na Maalim Shaaban, wakaufanya wimbo. Siti hakuwa na elimu ya shule, na wasikilizaji wake wengi hawakujua kusoma. Habari iliwafikia hivyo, tena kwa upande wa aliyeumizwa. (Waliomcheka kwa sura yake na ukoo wake, nao walijibiwa kwa wimbo.) Chama cha Waandishi wa Habari Wanawake, TAMWA, kiliposhika kalamu miaka ya 1980, jarida lake likaitwa Sauti ya Siti. Kwangu hilo ni jina la kikazi hasa, maana Siti alikuwa mwandishi wa habari.

Huku Kibiti, mwanamke huja zahanati jicho limevimba. Akiulizwa kama ana PF3, ile fomu ya polisi, anasema aliteleza akishuka mtumbwini. Muuguzi anajua. Waliokaa kwenye benchi wanajua.

Shangazi yangu alivunjwa mkono na mumewe. Jirani aliyeona kwa macho yake nilimfuata jioni, tukakaa mkekani, nikamwomba aende kituoni kueleza.

"Mwanangu," aliniambia, "nikienda, kesho mimi ndiye niliyevunja ndoa ya watu. Na wakiniuliza nilikuwa natafuta nini uani kwao usiku ule, nitajibu nini?"

Sikuwa na jibu la kumpa. Hajawahi kuusikia wimbo wa Kijiti, lakini swali lake ndilo lililowafunga wale wanawake wa Unguja: aliyeona huulizwa kwanza alikuwa akifanya nini pale.

Kesi haikufunguliwa. Mkono wa shangazi uliunga upande. Kutwanga hawezi tena, ukili anasuka polepole, na wageni wakimuuliza, husema alianguka.