Katika Shamba la Broadbalk

Mgeni afikapo Uingereza huonyeshwa makanisa makubwa na madaraja ya mto Thames. Sisi tuliomba kuonyeshwa shamba. Tukapanda treni London, na baada ya nusu saa hivi tukashuka Harpenden, mji mdogo wenye miti mingi, tukaenda kwa miguu mpaka Rothamsted, ambapo kazi ya ukulima yachunguzwa tangu mwaka 1843.

Shamba lenyewe laitwa Broadbalk. Kwa macho halina ajabu. Milima yetu ya Lubero ni mizuri kulipita. Lakini tangu vuli ya mwaka ule, ngano haijakosa kupandwa humo, ama katika shamba zima ama sehemu yake. Bwana John Bennet Lawes, mwenye ardhi, na Joseph Henry Gilbert, mtaalamu wa kemia, waliligawa vipande virefu. Kimoja hakipewi kitu. Kingine chapewa samadi. Vingine hupata chumvi zenye azoti, ambayo wengine huiita nitrojeni, hapa kidogo, pale nyingi. Mabwana hao walishirikiana miaka 57!

Tulisimama mpakani. Upande mmoja ngano ilikuwa fupi, yenye rangi ya manjano. Kipande hicho chatoa kama tani moja tu kwa hekta. Upande wa pili ilisimama kijani kibichi, nene, imesongamana, nayo mavuno yake ni mara kadhaa ya yale. Mwenye njaa asingesita kuchagua.

Kumbe na adui huchagua vivyo hivyo. Azoti ikizidi, majani huwa laini na kujaa chakula ambacho kuvu hupenda. Mashina yakibanana, upepo haupiti, na umande hukawia kukauka. Hapo ukungu mweupe na kutu ya manjano huona karamu imeandaliwa.

Twakiri kwamba maneno hayo yalituchoma. Katika bustani ya shule tulipofundisha, huko juu kwenye baridi, tuliwahi kumwaga mbolea ya dukani bila kipimo. Ngano ikapendeza hata wazazi wakaja kuitazama. Kisha mistari ya unga wa manjano ikatokea majanini, vidole vya watoto vikapakwa rangi, na wakati wa mavuno tukapata punje nyembamba zilizokunjamana. Tuliwalaumu wenye kutuuzia mbegu. Tulikosea.

Hata hivyo, asiruke mtu kusema kwamba njaa ndiyo dawa. Kuna kuvu nyingine ikaayo udongoni na kuozesha mizizi, hasa ngano ipandwapo mahali pamoja miaka mfululizo. Hiyo huumiza zaidi mmea wenye njaa. Ukipata azoti ya kutosha, hutoa mizizi mipya na kujikaza. Tena, jambo la kushangaza, baada ya miaka michache ya kwanza ugonjwa huo hupungua wenyewe, kwa kuwa vijidudu vya udongoni huanza kupigana nao.

Tulipelekwa pia katika ghala ya chupa na makopo, yenye punje, majani na udongo wa tangu siku za Lawes. Mwaka 2005 wataalamu walitangaza walichokiona humo: kuvu mbili za madoa ya majani zimepokezana kiti katika muda wa miaka 160, kufuatana na moshi wa makaa uliotia hewa kiberiti. Moshi ulipopungua, ile iliyokuwa imeshindwa ikarudi na kutawala katika miaka ya 1980. Basi si mkulima peke yake alishaye ugonjwa. Hata mabomba ya viwanda yana mkono wake.

Tuliporudi nyumbani tulipima mbolea kwa mizani, tukaigawa sehemu mbili, moja wakati wa kuotesha, nyingine ngano ilipoanza kurefuka. Kipande kimoja tulikiacha bila kitu. Wanafunzi walikicheka kwa ufupi wake, lakini kila Jumamosi walipita pande zote wakihesabu majani yenye kutu na kuandika daftarini.