Toka Voi Hata Mlima Kasigau

Msafiri ashukaye katika gari la moshi mjini Voi wakati wa adhuhuri huanza, kwa kawaida, kwa kunung'unika. Jua ni kali, vumbi jekundu hutua juu ya viatu na mizigo, na kila atazamapo huona nyika ya vichaka, iliyokatwa na reli na barabara kuu iendayo Mombasa, mwendo wa maili 100 hivi. Wengi hupita tu. Hata katika miaka ya kwanza ya reli ya zamani, magari yalipokuwa hayana behewa la kulia, abiria walioteremka hapa ili wale chakula cha jioni katika nyumba ya wageni waliondoka wakilalamikia upishi. Labda hawakufikiri ilivyo kazi kupata ndoo moja ya maji ya kupikia mahali kama hapa.

Mwenyeji wa Voi haoni hivyo. Yeye anazo saa zake. Alfajiri upepo wa baridi hushuka toka mlima Sagalla, na katika mikahawa midogo chai ya maziwa inachemka na mahamri yanatolewa katika mafuta. Saa nane kuna kivuli cha mwarobaini, na mwenye benchi chini yake husogea ili mwingine apate kuketi. Na siku bomba litoapo maji, habari hiyo huenea mtaani upesi kuliko habari ya mshahara. Bomba kubwa lipelekalo Mombasa maji ya chemchemi za Mzima ndilo linywewalo na Voi pia. Likikauka, watu hununua maji kwa mitungi, na hapo ndipo mtu hujua bei ya kuoga.

Lakini atakaye kufahamu jambo hili vizuri hana budi kwenda mbele kidogo. Ashike njia ya Mombasa hata Maungu, kisha aache lami na kugeukia kusini. Mbele yake utasimama mlima peke yake katikati ya nyika, urefu wake umepita futi 5,000, na mara nyingi asubuhi kilele chake kimefunikwa na wingu. Huo ndio Kasigau. Kuuzunguka pana vijiji vya Rukanga, Jora, Bungule, Makwasinyi na Kiteghe.

Wingu lile si pambo. Upepo utokao Bahari ya Hindi huvuka nyika kavu bila kuacha tone, kisha hukutana na mlima, hupanda, hupoa, na kuwa ukungu. Ukungu hushikwa na majani ya msitu ulioko juu, hudondoka, hujikusanya katika vijito, na kutoka huko mabomba yameletwa hata vijijini. Basi mtu wa Rukanga akifungua mfereji hunywa maji ya wingu alilolitazama asubuhi. Ndiyo maana wazee hawapendi kusikia shoka likilia mlimani.

Tena watu hawa wanajua maana ya kuyakosa. Katika Vita Kuu ya kwanza Wajerumani walivuka mpaka mara kwa mara ili kuivunja reli, na mwaka 1915 wakakiteka kituo cha askari wa Kiingereza pale Kasigau. Serikali ya wakati ule ikawashuku wenyeji kwamba ndio waliowaongoza adui. Nyumba zikaachwa, mashamba yakaachwa, na watu wote wa mlima, wazee na watoto pamoja, wakahamishwa hata Malindi. Walikuwa wamezoea hewa ya baridi na maji ya kijito. Huko walikutana na joto na homa ya pwani, na wengi hawakuonekana tena. Waliosalia walihamishwa tena, wakakaa kwa watu kwa miaka mingi, na katika miaka ya 1930 ndipo waliporuhusiwa kurudi chini ya mlima wao. Kijana aliyetoka akiwa na nguvu za kulima alirudi na mvi. Pengine jambo hili halisimuliwi sana kwa sababu waliolitenda na waliotendwa wote wamekwisha kwenda. Lakini ukoo ulio na babu aliyezikwa Malindi haulisahau.

Maisha ya sasa hayakuwa mepesi. Mvua za vuli ndizo zinazotegemewa, nazo hukosa. Shamba la mbaazi na mahindi lililostawi laweza kumalizwa na ndovu kwa usiku mmoja, hivyo panapo mavuno watu hukesha wakipiga madebe. Usiku ambao ndovu wamepita mbali ni usiku wa furaha kubwa, ingawa hakuna aandikaye gazetini kwamba familia fulani ililala hata kukacha.

Alasiri wanawake hukaa chini ya mti wakisuka vyondo vya mkonge, mikono ikienda yenyewe na mazungumzo yakienda kwao. Mmoja atasimama kutazama chungu cha kimanga, maharage na muhogo vilivyopondwa pamoja, chakula kisichohitaji mboga ya gharama. Mgeni akifika wakati huo hapewi nafasi ya kusema kwamba ameshiba.

Kisha jua huteremka upande wa Taveta, na mwamba wa Kasigau hugeuka rangi ya shaba. Watoto wamepanga ndoo kwenye mfereji wa kijiji. Kabla ya kujaza, kila mmoja huinama kwanza, hukinga viganja, na kunywa. Na aliye nyuma yake hangoji kuambiwa, hushika ndoo ya mwenzake isianguke.