Makala ama briketi? Somo tulilopata siku ya sikukuu



Wengi mmetuuliza sababu gani siku ya sikukuu ya wafinalisti nyama ilichelewa hata saa tisa. Sisi kapita tumeona ni vizuri kueleza, na kuungama pia kosa letu, maana halikuwa kosa la nyama peke yake.

Kwetu Goma karibu kila nyumba inapika kwa babula, na babula inataka makala. Mwalimu wa jeografia alitufundisha kwamba sehemu kubwa ya makala ya mji huu inatoka kwa miti ya Parki ya Virunga, ile iliyoanzishwa mwaka 1925. Kwa tanuru ya udongo, kupata kilo 1 ya makala kunakula kilo 5 hata 10 za kuni. Alitukumbusha pia mwaka 2007, wakati gorila wa milima waliuawa kwa risasi na biashara ya makala ikatajwa sana ndani ya jambo lile. Baadaye Parki ilisaidia watu wa vijiji kutengeneza briketi: majani, vumbi ya mbao na vumbi ya makala vinalowekwa, vinakamuliwa kwa mashini ya mkono, kisha vinaanikwa juani.

Tulitoka darasani tukiwa na moto rohoni. Katika mkutano tukasema: sikukuu yetu ni briketi tu. Ndugu mmoja wa darasa letu akasimama.

— Mama yangu anauzishaka makala. Minervali yangu inatokaka mu ile mufuko. Munasema ni mutu mubaya?

Sisi kapita tukajibu: «Basi, auzishe kitu kingine.» Darasa likacheka. Yeye akaketi, hakusema neno tena.

Siku ikafika. Tulikuwa na mbuzi wawili wa brosheti na beseni mbili za samaki wa kukausha kwa moshi. Tulipanga mawe ya volkano, tukaweka waya juu, tukawasha. Kumbe briketi zetu zililala karibu na tanki ya maji, zikashika unyevu. Moshi mwingi, machozi mengi, moto hakuna! Hata zile kavu zilikawia kushika. Wageni walikuwa wameketi, Bwana Prefe anaangalia saa yake.

Yule ndugu akatoka bila kuaga. Akarudi na beseni ya makala kichwani. Akavunja yale makubwa, akapepea kwa kipande cha karto, na kisha robo saa moto ulikuwa mwekundu, mkali, bila moshi. Brosheti ziliiva. Hatukuweza kumtazama machoni.

Lakini sikilizeni na upande wa pili. Wakati makala yake yalikuwa yamekwisha kuwa majivu, briketi zetu zilikuwa zimeshika vizuri. Moto wake ni wa pole na wa namna moja, haurukeruke. Tukaweka samaki juu, mbali na moto, tukaongeza vipande vya mti wa mapera, maana ladha ya moshi inatoka kwa mti. Makala na briketi vinaleta joto tu. Mpaka jioni hatukugusa ule moto, isipokuwa kuondoa majivu, ambayo ni mengi kweli. Samaki walitoka wazuri, rangi ya dhahabu.

Saa kumi na mbili mama yake akaja kuchukua beseni. Tulimwomba msamaha, mbele ya mtoto wake. Alitusikiliza, kisha akauliza: «Bana bangu, hii vumbi ya chini ya mufuko, ile ninatupaka kila siku, ndiyo munaitafuta juu ya briketi?» Tukasema ndiyo. Akacheka sana. «Na mulikuwa munanifukuza!»

Tangu siku ile tumepatana na jikoni ya internati. Maharagi, yenye kutaka saa nyingi, yanapikwa kwa briketi. Makala tunaweka kwa kazi ya haraka. Vumbi ya yule mama tunainunua, na wanafunzi wa mwaka wa tano wanaikamua pamoja na maganda na karatasi za zamani. Briketi tunaziweka juu ya mbao, mahali pakavu, mbali na tanki.

Pesa ya vumbi haitoshi minervali, tunajua. Yeye angali anauzisha makala, na miti ingali inakatwa. Hilo hatujalimaliza. Lakini tulitaka kulinda msitu kwa kumwaibisha mwenzetu, na hilo halikulinda hata mti mmoja. Ninyi mtakaoshika kazi ya kapita kisha sisi, mtu akisimama katika mkutano, mwacheni amalize maneno yake kwanza.